Vidonge Vyangu na Sindano ya Mueni

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa miaka imepita mingi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, nguvu zimejaa, nikiuza kabeji sokoni Voi. Mzigo ulikuwa umeshuka kutoka kwetu Wusi, huko milimani, na sikuwa na subira ya kungoja mpakuaji. Nikainama, nikashika gunia, nikalivuta. Kitu kikalia kiunoni, maumivu yakashuka pajani mpaka kidole gumba cha mguu. Nikabaki nimeinama vile vile, watu wakidhani nimeangusha kitu natafuta.

Kwenye duka la dawa nilipewa diklofenaki, zile dawa za kutuliza uvimbe na maumivu. Muuzaji akaniambia nimeze kwa siku tano, baada ya kula. Mimi nikameza kwa miezi mitano. Na huko kula kwenyewe kulikuwa chai ya rangi saa nne. Kiungulia kilipoanza nilisema ni cha pilipili. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Meza yangu ilipakana na ya Mueni, mama Mkamba aliyekuja Voi na mumewe, akawa anauza vitunguu. Naye aliumwa na mgongo, lakini yeye alitumwa hospitali moja kubwa Mombasa, akapigwa picha, kisha daktari akamdunga sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, karibu na uti wa mgongo, huku akifuata njia ya sindano kwenye skrini. Wiki chache baadaye Mueni alikuwa anatembea kama msichana.

"Wewe endelea tu kudonoa vidonge kama kuku," aliniambia huku amebeba gunia zima. "Mimi nimedungwa mara moja, nimemaliza."

"Nami sitachomwa uti wa mgongo na akili zangu timamu," nikamjibu.

Tulibishana hivyo siku nyingi, kila mmoja akiisifu dawa yake kama watu wa vyama wakati wa kura. Hakuna aliyeuliza dawa ile inafanya nini ikishaingia mwilini.

Basi mama yangu mzazi akashuka kutoka Wusi kunitembelea. Shingo ilikuwa imemkaza, hawezi kugeuka bila kugeuza mwili wote. Mama alikuwa na presha, na dawa zake alizibeba kwenye mfuko wa leso. Nilimwonea huruma. Nikampa vidonge vyangu, nikamwambia, "Mama, meza kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vimenisaidia sana." Akanishukuru, maskini.

Siku tatu shingo ikalegea, akacheka, akanisaidia hata kuosha vyombo. Baada ya wiki miguu ikavimba. Nikasema ni kukaa sana. Siku ya kumi na mbili akatoka chooni ameshika ukuta, akaniambia choo chake ni cheusi kama lami. Kabla sijamjibu akaanguka.

Pale hospitali tulipokelewa na daktari mama wa makamo, mpole wa sauti. Akaniuliza, "Mgonjwa anatumia dawa gani?"

Nikajibu, "Za presha tu, daktari."

Mwanangu, hilo ndilo kosa langu kubwa. Kumpa mama vidonge kulikuwa ujinga. Kuficha nikijua kulikuwa aibu. Nilisimama kando nikamwona mama amepauka midomo, wauguzi wakitafuta mshipa, na ndani yangu nasikia wahenga wakinisuta: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamshika daktari mkono.

"Kuna zingine. Diklofenaki. Nilimpa mimi."

Hakunipigia kelele. Aliita wenzake, akabadilisha maagizo, wakamtundikia damu. Mama alipotulia, ndipo akaniita pembeni. "Dada yangu," akaniambia, "dawa ya mtu si kofia ya kuazimana. Wewe ulitoa kwa mapenzi, lakini tumbo la mama yako halijui mapenzi. Limechubuka mpaka likavuja damu, na figo zake zimeumia."

Nikalia. Kisha, kwa vile mgongo wangu nao ulikuwa bado unawaka, nikamweleza unavyoniuma mpaka mguuni, nikamuuliza kama ile sindano aliyodungwa Mueni si ndiyo bora.

"Vyote viwili vinapigana na uvimbe," akasema. "Kidonge kinazunguka mwili mzima. Kinafika mgongoni, na kinafika pia tumboni, kwenye figo na kwenye presha. Kwa siku chache, kwa mtu ambaye kinamfaa, kinasaidia. Sindano inapelekwa pale neva ilipobanwa, kwa hiyo inafaa zaidi maumivu yanayoshuka mguuni kama yako. Mgongo unaouma peke yake mara nyingi haupati faida kubwa. Tena nafuu yake ni ya wiki, au miezi michache. Inaweza kupandisha sukari, na ikirudiwa ovyo hudhoofisha mifupa. Kwenye shingo hatari yake ni kubwa zaidi."

"Basi ipi inaponya?"

"Hakuna. Zinakupa nafasi ya kupumua. Utakavyoitumia nafasi hiyo ni juu yako."

Siku ya pili mama akafumbua macho vizuri. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Usilie. Lakini ungeniuliza kwanza ninameza nini."

Alipona polepole, ila figo zake ziliendelea kupimwa mpaka mwisho wa maisha yake, na shingo ikatibiwa kwa mazoezi na kitambaa cha maji moto.

Mimi niliacha vidonge. Nilifanya mazoezi niliyofundishwa, na mguu ulipokataa kupoa, nikapelekwa kudungwa sindano moja. Nafuu ikaja. Sikulikimbilia gunia. Nilizidisha mazoezi, nikaagiza kabeji kwa mifuko midogo, nikamlipa mpakuaji. Mueni yeye alikuwa ameshabeba magunia miezi yote aliyojisikia mzima. Mwenye kovu usidhani amepoa. Maumivu yalimrudia kwa hasira, na ilimbidi auze meza yake. Namhurumia hadi leo, maana hakuna aliyemwambia kwamba nafuu si kupona.

Kwa hiyo, mwanangu, mgongo au shingo ikikuuma, nenda ukapimwe. Mwambie daktari kila unachomeza, hata kile kinachokutia aibu. Vidonge usivipitishe siku ulizoambiwa, wala usimgawie mwenzako, hata awe mzazi wako. Sindano ya uti wa mgongo usiitafute kwenye duka la dawa. Ukiona mguu unakosa nguvu, mapajani kumekufa ganzi, au mkojo hauzuiliki, usingoje kesho. Na ukipata nafuu, itumie kujenga mwili, usiitumie kuuvunja tena.

Mungu akupe mgongo wa kukufikisha uzeeni, na ulimi wa kusema ukweli mapema.