Siku Baba Aliponiita Nyapara

Nakumbuka alasiri moja ya mvua ya mawe, mwanangu, miaka ya sabini ikianza, baba yangu alipotoweka nyumbani kwetu Kiptere.

Baba alikuwa amechuma chai tangu ujana wake. Alipostaafu tulimkataza hata kubeba jembe. Tulimnunulia kiti, tukampa mkate mweupe na chai ya sukari nyingi, tukaona hiyo ndiyo heshima. Baadaye akaanza kuuliza jambo lile lile asubuhi nzima. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umefunika mashamba yote. Nilipita katikati ya michai nikiita, panga mkononi. Nilimkuta amelowa, anachuma majani na kuyatupa mgongoni, na kikapu hana. Aliponiona alijikunyata.

"Usinichape, nyapara," akasema. "Kikapu nitajaza."

"Baba, ni mimi, Nyakundi."

Alinitazama kama mtu asiyewahi kuniona. Niliangusha panga, nikamshika mkono, nikamrudisha nyumbani. Sijawahi kuogopa hivyo tena.

Habari zilipomfikia shangazi yangu Kwaboka, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Chepilat kwa miguu. Alikuwa bado analima, na aliwajua wajukuu wote kwa majina. Akakitazama kile kiti.

"Mmemkalisha mpaka amepotea," akasema. "Hebu ainuke."

Sijui kama kiti ndicho kilichomletea ugonjwa; daktari naye hakujua. Lakini shangazi alimtembeza kila asubuhi, akampikia mboga za managu, maharagwe, omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa wimbi. Baba hakupona. Alipata nguvu, akalala vizuri, na siku nyingine aliniita kwa jina langu. Nilizishukuru siku hizo mpaka tulipomzika.

Sasa nimefika umri wake, mwanangu. Kila nikiamka nayataja majina yenu polepole, nikihofia asubuhi ambayo moja halitakuja.

Kwa hiyo nisikie ungali kijana. Tembea mpaka jasho likutoke, hata ukipata gari. Kula mboga za majani, samaki na maharagwe. Punguza sukari, chumvi na mafuta. Pima presha. Mzee wako usimfungie kwenye kiti. Mpe kazi ndogo na mtu wa kuongea naye. Si dawa ya hakika, lakini ndicho kilicho mikononi mwetu.

Mungu akupe uzee wa kutembea kwa miguu yako, na watoto wako wakiingia mlangoni, uwajue.