Bashi Yangu na Mvua ya Kalemie

Hapa Kalemie, kando ya ziwa, kila mwanamuke ana nafasi yake ya kuanika ndagala, wale samaki wadogo. Tunapanga mawe kwenye muchanga, na ndani ya mawe yako hakuna mwingine anaanika. Mvua ikitokea, aliye karibu anafunika za wote, hata za mutu asiyesalimiana naye. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Njo vile tunaishi.

Ile siku nilikuwa nimepanda juu kununua makala ya kupikia. Mawingu yakakuja. Nikashuka mbio, nikakuta bashi yangu, turubai ya bluu, imefunika ndagala za jirani yangu. Zangu ziko wazi kwenye mvua, zimeshakuwa uji. Jirani mwenyewe amesimama chini ya kibanda, anapangusa mikono kwenye kitenge.

"Mama, hii bashi ni ya nani?"

"Mvua haikuuliza, Mama. Nilishika iliyokuwa karibu."

"Na zangu?"

"Nyinyi madeplase mulikimbia vita na masufuria matupu. Leo munalilia ndagala?"

Wengine wakacheka. Nikamushika nywele, nikamuangusha, nikamukalia kifuani. Nikamupiga ngumi ya mudomo mpaka jino lake likanikata kidole. Halafu nikaokota jiwe moja la mustari wangu, zito, la mikono miwili. Nikaliinua.

Munielewe vizuri. Nilitaka kumuua.

Na mimi najua mutu anauawaje. Kwetu, upande wa Kiambi, tunaloweka mihogo kwenye mashimo kando ya kijito, na kila nyumba ina shimo lake. Jirani yetu, mutu tuliyekuwa tunaomba moto kwake asubuhi, akaloweka yake kwenye shimo letu. Bwana yangu akaitoa, akaitupa kwenye majani, mbuzi wakaila. Wakatukanana. Jirani akasema, "Utanikumbuka." Tukarudi nyumbani tunacheka. Mihogo tu.

Vita vilipofika, yeye njo alitangulia mbele ya watu wa mapanga, akiwaonyesha nyumba. Akapita milango ya wengine, akaja moja kwa moja kwetu. Mimi nilikuwa kwenye matete nyuma ya nyumba, mutoto mudogo mugongoni, nimemuziba mudomo. Nilimusikia akimuuliza bwana yangu, polepole, kama mutu anayeomba chumvi: "Sasa mihogo yangu iko wapi?" Panga la kwanza lilikuwa lake. Bwana yangu aliinua mukono, mukono ukaanguka. Hawakumumaliza haraka. Mutoto wetu wa kwanza alitoka na muchi wa kutwangia, anamutetea baba yake. Wakamukata shingoni. Halafu wakawasha paa.

Siandiki majina, lakini walioua nawajua. Jirani yule. Chefu wa kijiji, aliyeambiwa mapema, akavusha mbuzi zake na watu wa nyumba yake ng'ambo ya muto Luvua, sisi akatuacha. Na wale askari wa barabarani walioona moshi wetu, wakaendelea na karata zao. Wote wanakula vizuri mpaka leo. Jirani nasikia amefungua duka.

Sisemi shimo la mihogo njo lilileta vita. Vita vililetwa na wakubwa. Lakini shimo njo lilivionyesha mulango wetu.

Sasa nilikuwa juu ya mwanamuke huyu, jiwe limeinuka, nikajua nimesimama wapi. Nimesimama pale alipokuwa amesimama yule jirani wa Kiambi.

Yeye chini yangu, mudomo umejaa damu, akasema, "Piga basi, Mama. Ndagala zitafufuka?"

"Na wewe hautafufuka," nikamuambia.

Hakuna aliyecheka tena. Nikalitupa jiwe pembeni.

"Toka. Bashi yangu iache hapo."

Akainuka, akatema damu, akamutukana mama yangu aliyenizaa, akaenda.

Nikabaki nageuza ndagala zinazonuka. Nyingi nilimwagia bata. Watu wananiambia, Mama, ni vitu vidogo, samehe. Si vidogo. Tulikula sombe tupu, majani ya mihogo bila samaki, siku nyingi. Na sikumusamehe, tukikutana kwenye maji simusalimu. Lakini jioni ile nilipita mbele ya nyumba yake, nikamuona kwenye moto, mudomo umevimba, anasonga bugali, anawafokea watoto wake wakae mbali na moto. Nao walikuwa wanamusubiri na sahani zao. Nikapita.