Yeye Dada, Mimi Mama

Sikumpenda tangu siku aliyoshuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya walimu. Mvua ilikuwa imenyesha Endasak wiki nzima, na viatu vyake vyeupe havikuwa na tone la tope. Mwalimu mpya, binti wa watu wenye duka Katesh, katoka chuo juzi, mtandio umemkaa kichwani kama wa kupigia picha. Wenzangu wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji nilikuwa mimi, na nikaanza kuumwa wiki hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa malezi wa wasichana katika shule yetu. Mimi ndiye ninayewafundisha kufua vitambaa vyao vya hedhi na kuvianika juani bila aibu. Mimi ndiye ninayegombana na wazazi wanaosema mtoto wa kike akijua kusoma barua inatosha. Wasichana wananiita mama. Asubuhi nikipita njia ya bweni ni shikamoo mama, shikamoo mama, na mimi marahaba, marahaba, kama mtu anayepanda mahindi, punje kila shimo. Niliamini huo ndio upendo.

Huyu naye msichana wa kwanza kumwamkia akachekwa. "Shikamoo ya nini, unanizeesha! Niite dada. Ukiniona sema mambo, mimi nitasema poa."

Basi. Jumamosi wasichana walizoea kuja barazani kwangu kuchambua maharage na kupiga soga. Mwezi haukuisha, soga ikahamia kwa dada. Niliwasikia wakicheka kule ng'ambo ya uwanja, nikawa nafagia uwanja ambao nilishaufagia. Siku moja wawili wakaja mbio, nikafurahi, nikaanza kutoa mkeka. "Shikamoo mama. Dada anaomba ungo." Nikawapa ungo wangu, wakaenda nao.

Kati yao mmoja aliniuma kuliko wote. Alitoka Getanuwas, kwa wafugaji, na mama yake alifariki yeye akiwa kidato cha kwanza. Mimi ndiye niliyempa ile habari, mimi ndiye niliyemshika asianguke. Sasa alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mpole, akiniamkia anapiga goti. Moyoni nilishamfanya muuguzi.

Baada ya likizo ya mwezi wa sita hakurudi. Dada akaja mlangoni kwangu. Mimi aliniamkia shikamoo, maana mimi si rika lake, na hilo nalo likaniudhi.

"Mama, baba yake amemwoza. Ng'ombe bado hawajaletwa, ila wamekubaliana. Aliniambia kabla ya kufunga shule. Akaniomba nisimwambie mtu, nikadhani baba atabadilika."

Ningepaswa kumfikiria mtoto. Neno nililosikia mimi ni moja tu: aliniambia.

"Alikuambia wewe?" nikauliza.

Jumamosi tukakodi pikipiki mbili mpaka Getanuwas. Baba mtu alitupokea vizuri, akatupa vigoda kivulini mwa nyumba. Msichana alisimama mlangoni, macho chini. Dada, kwa haraka ya ujana, akaanza kabla hata hatujaulizwa habari za njiani. Akataja sheria, akataja haki. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni nani wa huyu mtoto?"

"Mimi ni kama dada yake kule shuleni, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Kama ni dada yake, basi na wewe ni binti yangu. Na binti haniulizi mimi mambo ya ng'ombe. Nenda na mwenzio mkaangalie chai."

Dada akanitazama. Mimi nikatazama mbuzi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka vidole vya miguu. Akanyanyuka, akamfuata msichana jikoni.

"Na wewe, mama?"

"Mimi ndiye mama yake wa shule. Siku ya msiba wenu ndimi niliyemleta hapa."

"Nakukumbuka." Akasogeza kigoda chake karibu. "Basi tuzungumze."

Sikugusa sheria. Wanaotishiwa sheria huhamisha binti, ukamtafuta usimwone tena. Nikamuuliza, hapa kwenu msichana anaweza kuolewa mama yake hajasema neno? Akasema hapana, mama lazima aseme. Nikamwambia, aliyemzaa hayupo. Nimebaki mimi, na mimi sijasema.

Mzee akacheka, halafu akaacha kucheka. Alitazama boma lake.

"Utasema lini?"

"Akimaliza kidato cha nne, nitakuja mwenyewe. Na yeye nitamuuliza."

"Nitawaambia wale wangoje. Wakishindwa, watafute kwingine."

Ningepiga vigelegele. Lakini kutoka jikoni kikaja kicheko, cha wawili. Msichana yule miaka mitatu kwangu sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti. Alikuwa hajajua bado kama amepona, na alishaanza kucheka.

Wakati wa kurudi msichana alipanda na dada, kamshika kiunoni. Mimi nilipakiwa na tranka lake. Njia nzima nilikula vumbi lao, bati likinigonga magoti.

Tulipofika shuleni nilimvuta msichana pembeni. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Akachora ardhi kwa kidole cha mguu. "Nilikuja, mama. Ile wiki ya mitihani, nilikuja mlangoni kwako. Nikasema shikamoo, ukasema marahaba. Halafu nikakosa pa kuanzia."

Akabeba tranka lake kichwani, akaenda bwenini. Mimi nilibaki pale nikiwakasirikia wote wawili, na sikujua ninadai nini.

Jumatatu nikapita njia yangu ya kila asubuhi. Nikamwona yule msichana anakuja na daftari zake. Nilikuwa nimejiandaa tangu nachemsha chai. Kabla hajafungua mdomo nikamwahi.

"Mambo?"

Akasimama ghafla. Akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza labda, kisha akanishika mkono kwa hofu.

"Mama, unaumwa?"

Nyuma yake dada alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Siumwi," nikasema. "Niamkie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda darasani."