Nyasi za Ziwa Hora

Wakikata nyasi chini ya dirisha langu hapa Farsta, Uswidi, harufu yake hupanda mpaka ghorofa ya nne, nami nasahau sufuria ikaungua. Harufu ile hunipeleka Bishoftu, Ethiopia, nilikokaa nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa mpishi. Bwana wake alipotoka Arusha kwenda kufungua hoteli huko, alituzoa sote pamoja na masufuria. Wenye nafasi zao walikuja kutoka Addis Ababa kupunga upepo. Maziwa ya mji ule yamekaa ndani ya mashimo ya volkano, kama uji uliobaki chini ya bakuli; huyaoni mpaka vidole vya miguu vifike ukingoni.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, miguu imevimba, hatoki kitandani. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Wakubwa walinong'ona mbele yangu, kana kwamba nina masikio ya mbao.

Mvua kubwa zilipokatika, watu walivaa nguo nyeupe wakateremka Ziwa Hora, kila mmoja na fungu la nyasi mbichi na maua ya njano. Wakachovya majini, wakajinyunyizia, wakaimba, kisha wakaviacha vielee. Nikajisemea, hawa wana wazimu, wanatupa dawa! Nikaingia mpaka magotini, nikazoa nilichoweza, nikapanda mlima mbio. Nikamfunika mama kuanzia miguuni hadi shingoni, maji yakichuruzika kitandani.

Jirani yetu Adde Birre, ndivyo tulivyomwita kwa heshima, alikuwa ameleta kahawa. Akashika kiuno.

"We mtoto! Umevuna shukrani za watu?"

"Wamezitupa."

"Wamempa Mungu. Wewe umemnyang'anya mkononi!"

Mama, ambaye hatukuwa tumesikia kicheko chake tangu mvua zianze, alicheka mpaka kitanda kikalia.

Adde Birre alinirudisha ziwani akinivuta sikio. Akang'oa nyasi nyingine, akanipa.

"Chovya. Sema asante."

"Ya nini? Mama hajapona."

"Sema tu, we kichwa kigumu."

Sikusema. Akasema yeye, kwa lugha yake, kwa sauti kubwa.

Mtoto alizaliwa, hakulia. Mama alipona, akanigombeza miaka thelathini mingine, na katika miaka yote hiyo sikumwambia nililoliamini: kwamba mdogo wangu hakupumua kwa sababu mimi nilifunga mdomo.

Sasa mjukuu wangu Neema, injinia wa kompyuta huko Kista, na mimi niliishia darasa la tatu, amelazwa. Ana mimba ya miezi saba, presha juu, miguu kama ya mama. Jana niliokota nyasi zilizokatwa, nikazitia kwenye mfuko wa duka, nikateremka hadi ziwa letu hapa, Magelungen. Nikampigia simu nikamwambia nilipo. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote, kama nimerukwa na akili.

"Nyamaza," nikamwambia, "nina kazi."

Akaanza kucheka.

Pale ndipo nilipomwelewa Adde Birre. Hakuwa akinunua mtoto kwa Mungu. Mvua zilikuwa zimekwisha, mama alikuwa hai, tena alikuwa ametoka kucheka. Adde Birre aliona hayo. Mimi niliona miguu tu.

Huko mbele Neema atakutana na nini, sijui. Nikainama na magoti yangu mabovu, nikachovya. Kwenye simu Neema alikuwa bado ananicheka.

Nikasema asante.