Kamba ya Mmajari

Nnaikumbuka asubuhi ile, mwanangu, maana ami yangu Salum alivaa kanzu yake ya Ijumaa na jambia kiunoni, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nikajua kuna mtu atafukuzwa nchi.

Nnakuhadithia haya kwa sababu ya hilo ulilonambia jana, kwamba jirani yako mpya huko Al Khoudh anasimama mbele ya geti lako anatazamatazama, na wewe unataka kumpeleka polisi. Ngoja kwanza. Kaa.

Sisi zama hizo tulikuwa Matrah, huku huku Omani, tumetoka Unguja baada ya Mapinduzi na masanduku matatu na roho zetu. Mji ule haukuzoea wageni. Tulikuwa tunashukiwa, na sisi tukashuku zaidi. Tulimshuku muuza maziwa. Tulimshuku hata yule mzee wa watu aliyetupa nyumba ya kukaa, tukisema haiwezekani mtu awe mwema hivi hivi tu, lazima ana lake.

Basi akatokea Mzungu mmoja, wala si Mngereza. Waarabu wakimwita Mmajari, yaani mtu wa Hungaria. Mrefu, mguu mmoja anauburura, miwani myeusi haimtoki usoni. Ikasemwa kuwa ujanani alikuwa mchezaji wa tenisi, kazi yake ndiyo hiyo, na sasa amestaafu na Wazungu wa kampuni ya mafuta wamemleta awafundishe wake zao. Ami akacheka kwa puani. "Tenisi na mguu ule? Na Hungaria wanatawala makomunisti. Huyo katumwa."

Sisi wengine tungelinyamazia hilo, lau si ile kamba. Kila asubuhi akija kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba yetu, anapigilia vigingi, anavuta kamba, anapima, halafu anapiga mstari wa chokaa. Mwanangu, kwetu Unguja walianza vivyo hivyo. Walikuja watu na kamba, wakapima kuta, wakapima na shamba, hawasemi kitu, na baada ya hapo tukaambiwa nyumba si yetu. Kwa hiyo mama yangu alipoiona ile chokaa alianza kukunja nguo na kuzirudisha sandukuni. Hakuna aliyemwambia. Mimi mwenyewe nikamsaidia kukunja, na nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza skuli.

Asubuhi hiyo ami akasema anakwenda kwa liwali kumwambia kuwa yule ni jasusi. Na liwali wa zama hizo hakuwa na maneno mengi. Meli ya kwanza itakayotia nanga, mtu anapakiwa. Nilifurahi, sikufichi. Nilikwisha kumwona Mmajari akilitazama dirisha letu.

Bibi yangu, mama yake ami, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Salum, umekwenda kumuuliza?"

"Jasusi haulizwi, mama."

"Nani kakwambia? Mtu yupo mlangoni kwako siku zote hizi, hujampa tende, hujampa kahawa, hujamuuliza khabari zake, unakwenda kumsema kwa liwali. Waliotupima sisi, laiti mmoja wao angekaa akatuuliza. Vua jambia hilo ukamwite."

Wewe unajua dasturi ya huku: mgeni hula tende, hunywa kahawa, ndipo huulizwa khabari, na akiulizwa hujibu. Ami akamwita, uso umemvimba. Mimi nikawekwa nyuma ya pazia jepesi la mlango kutafsiri Kiingereza.

Mmajari alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka machozi kwa jua letu. Akakaa na kamba yake mapajani. Akatwambia kuwa kweli alikuwa mchezaji, amecheza Italia na Ufaransa, vikombe kashinda na vyengine kavikosa, mpaka goti likavunjika na walimwengu wakamsahau. Nikamtega, nikamuuliza mbona hakustaafu kwao. Akasema mara ya mwisho aliyotoka kwenda kucheza, vifaru vya Warusi viliingia mjini kwao nyuma yake, na hajarudi tena. Hajui kama mama yake yu hai. Hata nyumba ya wazee wake, akasema, ilikwisha kuchukuliwa zamani. Serikali ilikuja kuipima ikaigawa kwa watu.

Bibi akauliza polepole, "Kwa kamba?"

Nikatafsiri. Yule bwana akaitazama ile iliyokuwa mapajani mwake.

"Kwa kamba," akasema.

Halafu akaongeza, kwa haya, kuwa akilitazama dirisha letu kwa sababu alidhani tumewekwa pale kumchunguza, na kwamba alikuwa hapati usingizi.

Ami akanyanyuka ghafla, nikadhani kakasirika. Akaenda chumbani, nikamsikia akimwambia mama yangu azitoe nguo sandukuni. Jioni nikachungulia dirishani nikamwona ami uwanjani, ameshika ncha ya pili ya kamba, maana Mmajari akivuta peke yake mistari ya kiwanja chake cha tenisi ilikuwa inakwenda upogo.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kushuku. Mimi mpaka leo mlango wangu nnautia makomeo mawili. Lakini kabla hujamfikisha mtu kwa wakubwa, tia birika motoni. Mwite, mpe tende, muulize khabari zake, mtazame machoni anapojibu. Ukimwona bado ana shari, polisi wapo, hawahami. Lakini lau ami yangu angelimpakia yule melini asubuhi ile, angelimfukuza mtu asiye na pa kurudi, na sisi tungelilala tukijisifu.

Nenda mwanangu. Mungu akulinde na shari ya watu, na awalinde watu na shari ya khofu yako. Nyumba yako asije mtu kuipima. Na hizi tende chukua, umpelekee.