Usingizi wa Saa Saba Mchana

Watoto walimwita Bibi Shuka, na wakubwa wakafuata. Kabla ya kulea watoto wa watu alikuwa dobi wa hoteli, akikunja mashuka ya wageni asiowajua kwa sura wala kwa jina. Hoteli ilipofungwa, alirudi nyumbani na vitu viwili: mgongo unaouma, na sauti ya chini, iliyonyooka kama ubao wa kupigia pasi. Ni sauti ya mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa na wa kuongea naye ila vitambaa.

Nyumba ilikuwa yake na ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma. Chumba cha mbele, chenye madirisha mawili yanayotazama barabara, kilikuwa kinagombewa. Wifi alitaka kukifanya karakana ya kushonea. Bibi Shuka alitaka kulelea humo watoto wa wanaokwenda kazini. Wakakubaliana: siku shule zitakapofunguliwa, wakiwa kwenye mkeka watoto sita, chumba ni cha watoto. Akipungua hata mmoja, cherehani zinaingia.

"Nitakusaidia kutafuta," alisema wifi. "Kila mteja nitamwambia."

"Usinisaidie, wifi yangu. Nakujua."

Bango aliliandika mwenyewe kwa rangi ya mlango iliyobaki: TUNALEA WATOTO WADOGO. WANACHEZA, WANAKULA, WANALALA. NYUMBA TULIVU. Neno la mwisho alilipigia mstari mara mbili, na hapo ndipo alipojichongea. Hotelini dobi hodari ni yule ambaye mgeni hamsikii kabisa. Yeye akadhani wazazi nao wanatafuta hivyo hivyo.

Alianza na watoto wanne. Asubuhi walipiga kelele kama watoto wengine, lakini wakati huo mtaa uko kazini. Saa saba mchana, watu wanaporudi kula, nyumba ilikuwa kimya kama imehamwa. Muuza mboga wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyeanza kunyoosha shingo.

"Hivi wale watoto bado wamo?" alimuuliza wifi, aliyekuwa kibarazani akimpima mteja sketi.

"Wamo."

"Wote?"

"Wote."

"Mbona hawasikiki?"

Wifi akatoa pini mdomoni. "Hata mimi nashangaa," akasema, akairudisha.

Hilo lilitosha. Jioni mtaa ulishajua kwamba Bibi Shuka anawanywesha watoto dawa ya kikohozi. Kesho yake ilikuwa dawa ya kulaza ng'ombe. Watoto wawili wakaondolewa, na wifi, kwa moyo mwema kabisa, akaingiza cherehani yake kubwa kwenye kona ya chumba cha mbele, "ili izoee mahali."

Zilibaki siku chache shule zifunguliwe. Bibi Shuka hakugombana na mtu. Alichukua brashi, akaongeza chini ya bango: NJOONI MUONE WENYEWE, JUMAMOSI SAA SABA. LETENI MAJI YENU.

Wakaja, kila mmoja amekumbatia chupa yake kama pochi. Alikuja nesi na mapacha wake, macho mekundu kwa kukesha zamu ya usiku. Akatangaza mlangoni: "Mimi mtoto nikimtazama machoni tu, najua kama kapewa kitu." Akaja dereva wa lori na binti yake mgongoni. Wakaja na wale wawili walioondoa watoto wao, wamewaleta tena lakini wamewashika mikono. Wifi naye akaketi kwenye benchi, futi ya kupimia shingoni, kama shahidi mahakamani.

Nimesikia watoto wakibembelezwa kwa lugha nyingi, na karibu kote wanaimbiwa. Bibi Shuka haimbi. Alifunga pazia nusu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusimulia.

"Nikachukua shuka. Nikalishika ncha mbili. Nikalikunja katikati. Nikalilaza mezani. Nikachukua shuka jingine. Nikalishika ncha mbili..."

"Lilikuwa jeupe?" akauliza pacha mmoja.

"Jeupe."

"Na lile la kwanza?"

"Jeupe pia."

Pacha akaridhika, akafumba macho. Mwenzake akafuata. Kufika shuka la kumi hivi, mkeka wote ulikuwa umelala, na nesi, aliyeinama kuwachunguza macho, hakuinuka tena. Kidevu cha dereva kikagota kifuani, chupa yake ikaviringika chini ya benchi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama, nimeegemea ukuta. Hilo tu ndilo lililoniokoa.

Wifi alipambana. Alijifinya mkono. Alikodoa macho kama anayetunga uzi kwenye sindano. Bibi Shuka akamwona, akageuza kigoda taratibu kumwelekea.

"Sasa tukaja kwenye foronya."

"Ziko... ngapi?" akauliza wifi, ulimi mzito.

"Nyingi, wifi yangu. Nikachukua foronya..."

Mkoromo wa kwanza ulitikisa pazia. Wa pili ulimleta muuza mboga mbio hadi dirishani.

"Jamani, nani huyo?"

"Shh," akasema Bibi Shuka. "Utaniamshia watoto."

Nesi ndiye aliyezinduka kwanza, alama za mkeka shavuni. "Mmenipa nini?"

"Nikupe nini, mwanangu? Maji ni yako mwenyewe."

Akaitazama chupa yake. Haikuwa imefunguliwa. Akawaamsha mapacha, akawafunua kope. Wakamsukuma, wakaanza kunyang'anyana mpira. "Wazima," akasema. "Jumatatu nawaleta. Na mimi nakuja nao."

"Wewe ukalale kwako. Hapa ni watoto tu."

Wifi akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Mimi sikulala. Nilifumba macho nawaza."

"Uliwaza kwa sauti, dada," akasema muuza mboga. "Mpaka wateja wangu wamekusikia."

Siku shule zilipofunguliwa, mkekani walikuwa saba. Wifi aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa, akarudia kuanzia upande wa pili, wakabaki saba vilevile. Akaenda kwenye kona yake.

"Chumba chenyewe mwanga wake unaumiza macho," akasema. "Siwezi kushonea humu."

"Nikushikie upande wa pili?" akauliza Bibi Shuka.

"Shika," akasema wifi, akiinama kuiinua cherehani. "Ila njiani usinisimulie chochote."