Siku Niliyotoka Congo kwa Miguu

Hii aibu nilikuwa nimeamua nitazikwa nayo, lakini kwa vile Rosebella, rafiki yangu wa shule, ameshaisimulia mpaka kwa kwaya yake, na akaitia chumvi (ati nilikuwa nimevaa miwani ya jua, mimi sina miwani ya jua), heri niwaambie mwenyewe vile ilikuwa. Chekeni tu. Hata mimi nimeanza kuicheka juzi.

Mnajua miaka yangu yote ya ndoa nimekaa mtaa wa Laini Saba, pale karibu na reli, nikishona yunifomu za shule na cherehani yangu ya miguu. Mzee alipofariki nikabaki na binti yetu Linet, halafu Linet akapata kazi Qatar ya kulea watoto wa watu, akaenda, na nyumba ikawa kubwa ghafla, chumba kimoja lakini kubwa. Nilikuwa napika ugali ya watu wawili halafu naiangalia. Nikashindwa. Basi mteja mmoja akaniambia kuna kibanda mtaa wa Kawangware, mji huu huu, naweza kushonea, shule ni nyingi huko, nyumba iko karibu, nikabeba cherehani nikaenda. Sasa ile pembe ya Kawangware niliyohamia inaitwa Congo. Usiniulize nani aliipa hilo jina, mimi niliikuta. Ukipanda gari unasema "nishukishe Congo" na hakuna mtu anashtuka.

Na huko Congo ndiko nilijua upweke. Laini Saba ukiunguza maharagwe jirani anakutukana kupitia mabati, na hayo pia ni maongezi. Hapa ploti ni ya mawe, mabati ni ya paa tu, kila mtu na mlango wake wa chuma, na jirani yangu wa mlango wa mbele, Mama Zawadi, ambaye kazi yake ni kupikia watu kwa harusi na matanga, tulikuwa tunasalimiana tu tukianika nguo. Kuna siku ilipita nzima na neno pekee nililosema kwa sauti ni "bei gani?"

Kilichobaki ni grupu ya simu ya wasichana niliosoma nao sekondari, ile shule yetu ya bweni huko mkoa wa Western (wasichana nasema, na kila mmoja ana nywele nyeupe chini ya wigi). Ilianza kama grupu ya kumbukumbu, nani anakumbuka uji wenye wadudu, nani anakumbuka matroni akitufukuza mtoni na fimbo, lakini pole pole ikageuka ya safari. Rosebella ako Dubai juu ya ngamia. Jesca, aliyekuwa kiranja wetu mkuu na hajawahi kuacha, ako Yerusalemu analia kwa ukuta. Phanice ako Amerika kwa mtoto wake, theluji mpaka magotini. Na mimi kila asubuhi naandika "Mmeamkaje wapendwa", na salamu yangu inakaa hapo peke yake mpaka jioni kama nguo iliyosahaulika kwa kamba.

Siku moja nikaandika, bila ubaya wowote, "Wapendwa, nimehamia Congo. Karibuni sana."

Nikaenda kuweka maji ya chai. Kurudi, simu inatetemeka mpaka inatembea juu ya meza. "Congo!!!" "Conso, wewe ni moto!" "Umeenda na kanisa ama ni Linet amekupeleka?" "Chunga Ebola." "Chunga wanaume, wa huko wanavaa vizuri sana." Hata Jesca, ambaye tangu tukosane juu ya ndoo tukiwa kidato cha pili hajawahi kunijibu kitu, akaandika, "Dada yangu, naona Mungu amekukumbuka."

Hapo ndipo ningesema. Ni maneno machache tu, "ni Congo ya Kawangware," wangecheka kidogo na ingeisha. Nilikuwa hata nimeanza kuandika. Lakini nikaangalia hiyo simu, watu wote wananitaja jina, Conso huku, Conso kule, nikafuta nikaandika, "Mungu ni mwema."

Sasa niambieni, huo ni uongo?

Yaliyobaki walijijazia wenyewe. Mmoja akiuliza mbona niko na namba ya Kenya, mwingine anamjibu ati siku hizi ukivuka mpaka namba inakufuata. Wakiuliza, "Uko mjini ama ndani ndani?" nasema niko karibu na soko. Wakiuliza watu wa huko wakoje, nasema wanapenda kanisa, spika haizimwi. Ukweli mtupu! Nikawatumia picha ya vitenge vya fundi mmoja karibu na stegi ya magari (huyo ni Mkongomani wa kweli, Mungu ashukuriwe), wakazimia, na Rosebella akasema nimletee vyake. Na Phanice akaanza kunipigia kila Jumapili, ati sisi wawili tulio ughaibuni ndio tunaelewana. Jumapili nilikuwa naoga, navaa vizuri, nakaa kitandani nangoja simu, na ilikuwa simu ya sauti tu, hata hanioni.

Mambo yaliharibika Rosebella alipotangaza chakula cha mchana, kila mtu aje asimulie safari zake ana kwa ana, na ati hawataki kula bila Conso, niseme narudi lini. Walinisukuma mpaka nikataja Jumamosi moja ya mwezi uliofuata. Ndipo akasema ni wapi. Ni kwa nyumba ya mtoto wake, ambako Rosebella mwenyewe amehamia juzi tu kutoka Eldoret, Riruta Satellite. Satellite! Kutoka mlango wangu unafika kabla jasho halijatoka! Akaongeza, "Pole Conso, najua kutoka airport ni mbali, tukuchukue?" Nikajibu kwa haraka sana kwamba nitajileta.

Sasa mtu hawezi kutoka Congo na kiondo. Nikaazima sutikesi kwa mama mmoja wa kanisa, kubwa, nyekundu, na kwa vile ilikuwa nyepesi inaruka ruka, nikaijaza blanketi, mto wangu wa kulalia na kaptura za shule nilizokuwa sijapiga pasi, ndio iwe na uzito wa mtu aliyesafiri. Mvua ilikuwa imenyesha. Sijafika hata barabara, gurudumu moja likaingia kwa tope na likakataa kutoka, nikaliacha huko. Nikaburuta. Vijana wa boda: "Mathe, unahama?" Mama anayeuza sukumawiki: "Nani amekufukuza, mum?" Mzee mmoja akanishika mkono akaniambia kwa upole nirudi nyumbani nikaongee na bwanangu, hakuna ndoa isiyo na shida. Nikamwambia bwanangu alikufa. Akafikiria. Akasema basi nirudi nikaongee na watoto.

Nilipofika kwa geti, vigelegele! Wakanikumbatia, wakaniimbia, wakaniangalia viatu. "Ona," Rosebella akasema, "mpaka tope ya Congo amekuja nayo." Ilikuwa tope ya Congo.

Wakaniweka katikati ya meza, chini ya hema, mimi ambaye shuleni nilikuwa nakaa mwisho karibu na mlango. Rosebella akasimulia ngamia wake. Jesca akasimulia Yerusalemu tangu kupanda mpaka kushuka, hakuacha hata sandwichi ya ndege. Halafu wakapiga makofi wakasema sasa Congo, na mimi nikasimama, na nawaapia sikudanganya neno. Nikasema maji yanakuja siku moja moja, ukisikia mitungi inagongana unaamka unakimbia. Nikasema stima inapotea inavyotaka. Nikasema watu ni wengi, wamejaa kila mahali, lakini jioni wanafunga milango ya chuma, na unaweza kukaa katikati ya watu wote hao na hakuna mmoja anakuuliza kama umekula.

Jesca akapangusa macho na leso. "Woi, Afrika yetu," akasema. "Kwani hao watu wanaishi aje? Tuwakusanyie hata nguo." Na nyuma yake ni ukuta, na nyuma ya ukuta nasikia makanga wanaita abiria wa Kawangware.

Hapo ndipo mlango wa jikoni ulifunguka na Mama Zawadi akatokea na sufuria ya pilau. Jirani yangu! Sikujua ni yeye ameitwa kupika. Akaniona, uso ukafunguka wote.

"Ai, Mama Linet! Kumbe ulikuwa unakuja huku? Si ungeniambia tukuje pamoja!"

"Mnajuana?" Rosebella akauliza.

"Tusijuane aje? Mimi na yeye ni majirani. Congo."

Rosebella karibu aruke. "Na wewe pia umetoka Congo? Na Kiswahili yako ni safi hivyo!"

"Kwani niongee nini, Kichina?"

"Umeingia lini?"

"Leo asubuhi."

"Na mlikuja ndege moja?"

"Ndege gani?" Mama Zawadi akaweka sufuria chini. "Mama, mimi nimekuja na miguu, na hii sufuria kwa kichwa."

Nilikuwa namkonyeza mpaka jicho likaanza kuuma, lakini yeye akadhani nimeingiwa na kitu. Jesca akaweka uma chini, kama kiranja, pole pole. "Kwa miguu," akasema. "Kutoka Congo."

"Si ni hapo tu? Ukishuka hivi, upite kwa posho mill, umeingia Congo." Halafu akanigeukia, roho safi kabisa. "Na jiko yako uliiacha inawaka nje, Mama Linet. Nilirudi kuchukua mwiko nikakuepulia maharagwe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwanza hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kila mtu anaangalia viatu vyangu, halafu sutikesi, halafu mimi. Kisha Rosebella akapiga kelele, "Na vitenge vyangu?" akaivamia sutikesi, akavuta zipu, na mto ukaruka nje. Blanketi ikafuata. Akatoa kaptura moja ya mtoto wa darasa la kwanza akaiinua juu. "Conso! Hii ndiyo wanavaa Kinshasa?" Wuui, walicheka! Mmoja alicheka mpaka akatoa meno ya bandia akayaweka kwa sahani. Nami nikacheka na mdomo, lakini moyoni nilikuwa nalia kabisa, kwa sababu nilijua hicho kiti cha katikati ya meza kimeenda.

Tusiwaonee lakini. Hawakunifukuza. Walinijazia nyama, wakaniita Mkongo, wakanipiga mgongo. "Na kumbe uko karibu hivi!" Rosebella akasema akipangusa machozi. "Sasa utatuchoka! Jumamosi ijayo sisi wote tuko kwako." Nikarudi nyumbani nikiburuta ile sutikesi na moyo mwepesi, nikisema aibu imenichoma lakini angalau imenirudishia watu.

Hiyo Jumamosi nikapika kuku, nikasukuma chapati, nikaazima viti kwa Mama Zawadi. Saa sita Rosebella akaandika ati gari yake na hiyo tope haziwezani, siku ingine, mpenzi. Jesca alikuwa na kikao cha kanisa. Wengine wakatuma moyo mwekundu tu. Ilipofika jioni nikaanza kurudisha viti, na Mama Zawadi akakaa kwa kimoja akala chapati, akaniambia chumvi imepungua.

Sikuumizwa na kicheko, mjue. Kilichoniuma ni kwamba nilipokuwa Congo ile ya mbali walikuwa wananiulizia kila siku, nimekula, niko salama, wananiombea mpaka kwa majina ya malaika, na sasa niko Congo ya hapa, hakuna anayeweza kushuka hiyo barabara.

Basi nimeapa. Mtu akiniuliza nakaa wapi, nitamtajia mpaka rangi ya geti, na akikosea nitamrekebisha hapo hapo, hata kama ananisifu, hata kama ni Jesca.

Jumapili iliyofuata simu ikalia. Phanice. Nikajua ameona video, kwa maana Rosebella aliirusha kwa grupu, mto ukiruka na kila kitu. Sikutaka kuishika. Ikakatika, ikalia tena.

"Conso," akasema, "uko Congo gani?"

"Ya Kawangware." Nikaanza kumwomba msamaha, maneno yananipotea.

"Wachana na hiyo," akasema. "Ile picha ya theluji nilipigia hapa mlangoni nikarudi ndani. Sijatoka tena. Mtoto na wajukuu wanaenda kazi, wanaenda shule, wakirudi wanaongea Kizungu haraka haraka, mimi naangalia midomo." Halafu akauliza, "Hapo kwako ni nini inalia?"

"Ni mvua."

"Kwa mabati?"

"Kwa mabati."

"Hebu niwekee simu hapo juu nisikie."

Nikapanda juu ya kiti, nikainua simu mpaka karibu na mabati. Mkono ulipouma nikabadilisha mkono, na hakuna kati yetu aliyesema kitu mpaka mvua ikaisha.